Nimelipia kresendo, nimepewa kishindo

Asije mtu hapa kuniambia eti programu zote za kuandikia nota za muziki kwenye kompyuta ziko hivyo. Haziko hivyo. Nimelipia leseni, hela ya jasho, kwenye duka moja la Kariakoo ambalo mwenyewe anajiita wakala, na kitu ninachokihitaji kuliko vyote ndicho haiwezi: kresendo, yaani kupandisha sauti kidogo kidogo.

Nilikuwa naandaa wimbo wa shukrani kabla ya Pasaka. Mwishoni kuna "Amina" ndefu, nota nzima mbili zilizofungwa pamoja, sauti zote nne zimeshikilia, kisha "Amina" nyingine ya kumalizia. Ya kwanza nikaiandikia piano, yaani sauti ndogo, ya pili forte, sauti kubwa, katikati nikavuta ile alama ya mistari miwili inayofunguka. Kwenye karatasi ilipendeza, na jinsi programu hii inavyopanga maneno chini ya nota, sitakana, inaijua kazi hiyo. Nikabonyeza kucheza. Mipigo minane ya piano, imenyooka, haitikisiki. Halafu Amina ya pili ikachomoka kama bodaboda aliyeona taa ya kijani.

Hakuna uchawi hapo. Programu inaichukulia sauti ya mtu kama kinanda: ukubwa wa sauti ya nota unapangwa pale inapogongwa, kwa namba isiyozidi 127 ya midi, ile lugha ambayo kompyuta na vinanda vya umeme huambiana nota, basi, imetoka hiyo. Kwa kinanda cha piano ni haki, maana ukishaigonga nota huwezi tena kuikuza, inafifia tu. Lakini mwimbaji ana pumzi! Nota anayoishikilia inahitaji amri nyingine, inayotumwa mfululizo wakati bado inalia, na midi inayo amri hiyo, ni ile ya namba 11. Midi yenyewe imetoka 1983, si kitu cha jana. MuseScore, programu nyingine ya nota ambayo ni ya bure kabisa, inaivimbisha nota iliyoshikiliwa tangu 2019. Ya bure! Na mimi niliyelipa nasikilizishwa mstari ulionyooka.

Nikabeba laptopu hadi dukani, jua la saa nane, jasho linatiririka. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu yake. Nikamwekea spika, nikamchezesha. Akasikiliza sekunde mbili tatu, akacheka. "Sasa mwalimu, kwani waumini wanakuja kanisani kusikiliza kompyuta?" Wateja wawili waliokuwa wanasubiri nao wakacheka. Nikamwambia programu ndiyo aliyoniuzia yeye. Akasema nota si zimeonekana? Basi inafanya kazi.

Kijana, nikujibu hapa kwa kuwa pale ulininyima nafasi. Ndiyo, wanasikiliza kompyuta. Kwaya yangu iko Tabata, na wanaosoma nota hawajai benchi moja. Waliobaki natumia njia ambayo walimu wengi wa hapa mjini wanaijua: natoa faili la sauti ya kwanza, la pili, la tatu, la besi, kila moja sauti yake ikisikika zaidi kidogo kuliko nyingine, naliweka kwenye kundi la WhatsApp. Mama anasikiliza kwenye daladala, anasikiliza akipika. Akija mazoezini ameshaukariri wimbo, na kishindo amekikariri vilevile. Besi wangu walikuwa wanaruka palepale kompyuta iliporuka. Kuwafundisha ni kazi. Kuwafundua walichokariri wiki nzima ni kazi mara mbili.

Sasa lazima niseme na hili, ingawa linaniuma. Kuna dirisha limefichwa ndani kabisa la kuchora amri hiyo ya 11 kwa mkono, sauti moja moja. Usiku mmoja umeme ulipotulia nikakaa nalo. Sikuchora mstari ulionyooka, kwa sababu kwaya haipandi hivyo. Watu hubana mwanzoni, nguvu yote huja mipigo ya mwisho. Nikaanza chini, nikaiacha ijikokote, nikaipandisha karibu na mwisho. Nikacheza. Jamani! Nilisikia watu. Nilimwamsha mke wangu aje asikie, akasikia, akaniuliza kama najua ni saa ngapi. Usiku ule ningeipa nyota tano na kumsamehe hata yule wa kaunta.

Kesho yake padri akaomba tuongeze ubeti mmoja. Nikauongeza. Nota zote zikasogea mbele kama inavyotakiwa. Namba nilizochora? Zikabaki zilipokuwa! Kwa hiyo kresendo yangu sasa ikawa inavimba katikati ya ubeti, kwenye neno "na", na Amina ikarudi kunyooka. Sauti nne, kuchora upya zote nne.

Nyota mbili basi. Tatu kwa anayetaka kuchapisha tu karatasi, na kwa nyimbo zenye nota fupi fupi, maana huko alama ileile inapandisha vizuri, nota kwa nota, huwezi kulalamika. Kwa nyimbo za kushikilia, kaeni mbali. Duka sifuri. Leseni inaisha hivi karibuni na nyimbo zangu zote zimo humo, hivyo nadhani nitailipia tena, ila hela nitamtuma mtu apeleke.