Taa ya kuua mbu: inaua kila mdudu isipokuwa mbu

Wacha niseme maana nimekasirika. Mwezi uliopita, au kabla kidogo, nilinunua ile taa ya mwanga wa zambarau ya kutundika uani. Sikutaka kupuliza dawa wanapocheza watoto, na hii inachoma wadudu kwa umeme tu. Usiku wa kwanza ililia chwaa, chwaa, nikajua mbu wamekwisha. Asubuhi miguu ya mwanangu mdogo imejaa vipele.

Nilichomoa trei nikaimwaga juu ya gazeti, nikachambua kwa kijiti. Nondo, mbawakawa, vidudu vya mabawa laini visivyouma mtu. Mbu mmoja! Naye dume, mwenye vipapasio vya manyoya. Dume hata damu hanywi. Kumbe watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walishachapisha hesabu hiyo 1996: kati ya wadudu 13,789 waliouawa na taa za namna hii, wanaouma walikuwa 31. Mbu jike anafuata pumzi, joto na jasho letu. Na bado taa zinauzwa!

Nikampigia muuzaji. Sijamaliza hata kueleza, akanikatiza: "Mama, kwani taa ndiyo ikufagilie na ua?" Akakata simu. Huyo ndiye aliyepokea hela yangu kwa tabasamu.

Neno lile lilinichoma. Nikatoka nje kuhakikisha kwamba kwangu ni safi. Chini ya chungu cha maua, kwenye kisahani chenye maji ya kina cha kidole, viluwiluwi vya mbu vimening'inia kichwa chini, mkia juu vikivuta hewa. Nilipokigusa kisahani vyote vikajipinda kuzama. Hatua tatu kutoka mlangoni!

Nilimwaga, nikasugua kingo kwa brashi, maana kuna mbu wanaotaga juu kidogo ya maji na mayai yao hukaa makavu miezi yasife. Sasa namwaga kila wiki. Kwenye joto, yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Pipa la maji ya mvua nimelifunika kwa wavu. Jioni naweka feni usawa wa miguu, kwani mbu hana nguvu za kupambana na upepo. Vipele vimepungua sana.

Basi muuzaji alisema kweli? Nilitaka kumwongezea nyota ya pili kwenye maoni haya. Hapana. Kama alijua shida ni maji, angeniambia kabla sijalipa. Nyota moja inabaki, na taa nimeishusha.