Toto Afya Kadi na yule dada wa dirishani

Sijui niwape NHIF, wale wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nyota ngapi kwa hii Toto Afya Kadi, bima yao ya watoto. Ningeandika siku ileile tungekuwa tunaongea lugha nyingine hapa, bahati yao baba watoto alinipokonya simu.

Mwanangu wa kati ana pumu. Wenye watoto wa pumu mnajua, msimu wa baridi ukiingia hakuna kulala. Juzijuzi kifua kikambana alfajiri, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mbio hadi hospitali moja ya serikali (siitaji, wenyewe wanajijua). Kadi ninayo, imelipiwa kupitia shuleni kwake, haijaisha muda. Nikajua nimemaliza.

Dada wa dirisha la bima kaipokea kadi, kamtazama mtoto, kaitazama tena kadi. "Mama, huyu siye."

Siye nani? Picha ile alipigwa ana miaka mitatu, mashavu yamemjaa. Sasa yuko darasa la pili, kakonda, karefuka, meno ya mbele yameng'oka yote mawili. Ulitaka abaki vilevile? Namweleza, hasikilizi, anabofya simu yake. Halafu anamgeukia mtoto anayehema: "We, unaitwa nani? Majina matatu." Na mwanangu nyumbani tunamwita Babu, karithi jina la baba mkwe na mimi siwezi kulitamka hovyo. Basi akajibu kwa kisauti chembamba: "Babu." Dada akacheka! Akamwita na mwenzake aje asikie. Kisha kwa sauti, foleni nzima inamsikia: "Hizi kadi za elfu hamsini ndizo zinazoua mfuko. Mnaazimana kama ndoo."

Mnielewe, udanganyifu upo, sikatai. Machi 2023 waliposimamisha mzazi kumwandikisha mtoto mmoja mmoja, wakatutaka tupitie shuleni au vifurushi vya familia, hoja ilikuwa mfuko unaelemewa, kwamba tunasubiri mtoto augue ndipo tukumbuke kadi. Kuna ukweli wake. Lakini jirani yangu ana mtoto wa selimundu ambaye shule alikuwa hajaanza, na vifurushi vya familia hakuviweza. Na msiniambie wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure. Sera ndivyo inavyosema. Nenda na wa miaka minne uone kama hutaandikiwa dawa ukanunue nje.

Turudi kwa dada. Kuhakiki ni kazi yake, sina neno. Cheti cha kuzaliwa kimo kwenye mkoba, namba ya simu iliyosajiliwa ni hii hii ninayotumia, hakuomba hata kimoja! "Kaa pembeni, mfumo ukitulia nitakuita. Au lipa keshi." Sasa ningekuwa na keshi ningehangaika na wewe?

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja mtu mzima, alikuwa anapita na trei yake. Akasikia kile kifua kinavyopiga mluzi, akamshika mtoto mkono. "Karatasi zitatufuata huko huko." Akamvalisha barakoa ya mvuke, muda si mrefu midomo ikarudi rangi yake. Daktari, vipimo, picha ya kifua, sikutoa hata senti. Dawa ya kuvuta haikuwepo pale, nikajaziwa fomu 2C nikaichukue duka la nje lenye mkataba, na nikapewa bila maneno. Hiyo yote ni ndani ya 50,400 ya mwaka mzima. Piga hesabu, 4,200 kwa mwezi. Mimi ni fundi cherehani, asubuhi ile moja kwa keshi ningeuza cherehani.

Kwa hiyo kateni bima. Nilikaa hapa nikitaka kuwaambia msijisumbue, ila kwa mwenye mtoto wa pumu, selimundu au moyo, nitakuwa namdanganya. Na wenye kaya kubwa kipato kidogo, kulikuwa na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kwa watu sita, ingawa ulianzia zahanati ukafuata rufaa hatua kwa hatua.

Ila nikikikumbuka kile kicheko natamani niirudishe kadi wanirudishie hela yangu. Nyota nne kwa kadi. Kwa dirisha hakuna, wala msiniombe.

Maana hamjasikia la mwisho. Tunatoka, mtoto anatembea mwenyewe, nasikia sauti imejaa asali: "Mama Babu! Njoo usaini fomu, mpenzi." Bila saini yangu hospitali hailipwi, na dada analijua hilo vizuri. Yule ambaye muda mfupi nyuma alikuwa siye, sasa ndiye. Nikavuta benchi, nikamkalisha mwanangu, nikamwambia yule dada: "Mpenzi, nasubiri mfumo utulie."