Saa ya kuzamia niliyoiunga mwenyewe: miezi minane ndani ya maji ya chumvi

Kazi yangu ni kuongoza wageni chini ya maji, Nungwi na Mnemba huku Zanzibar, kwa hiyo saa kwangu si pambo. Kompyuta ya kuzamia naivaa mkono wa kushoto, saa mkono wa kulia, na siku kompyuta ikizima ghafla saa ndiyo itakayoniambia nimekaa chini dakika ngapi. Ndiyo maana nimesubiri miezi minane kabla ya kuandika.

Sura niliyoitaka ni ya 62MAS, saa ya Seiko ya mwaka 1965, ya kwanza ya kuzamia kutengenezwa Japani. Uso wa kijivu kizito, alama za mstatili, akrabu pana zilizonyooka kama rula, na pete nyembamba ya kuzungusha kandokando ya kioo, ya kuhesabia dakika. Ile ya asili bei yake siiwezi, na hata ningeipata nisingethubutu kuiingiza baharini na umri wake ule. Nikaagiza vipande: bodi, yaani kasha la saa, ya chuma cha pua ya milimita 39 yenye kioo cha safaya kilichobenuka, uso wenye dirisha la tarehe, seti ya akrabu, mkanda wa mpira na mashine ya NH35, inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Ukijumlisha usafiri, ushuru na vifaa vya kufanyia kazi, zilinitoka kama laki tano na nusu. Anayetafuta unafuu asipite njia hii, aende dukani achukue saa iliyokwisha kuungwa.

Mashine sina neno nayo. NH35 inatoka kampuni za Seiko wenyewe, inapiga mara 21,600 kwa saa na ikijaa inatembea kama saa 41 bila kuvaliwa. Saa yangu ya zamani ilikuwa na mashine ya Seiko ya kale kidogo, 7S26, ambayo huwezi kuitia ufunguo kwa mkono wala kuusimamisha mshale wa sekunde unapotia majira. Hii inakubali yote mawili. Wiki ya kwanza ilikuwa inakimbia sekunde 14 kwa siku, na kiwanda kinaruhusu hadi 40.

Kazi iko kwenye akrabu. Tundu la akrabu ya saa ni milimita 1.5, la dakika 0.9, la sekunde 0.2 tu. Unazungusha majira taratibu mpaka tarehe iruke, hapo ndipo unaibandika ya saa kwenye kumi na mbili kamili, kisha ya dakika juu yake. Ya sekunde nimeiweka mara tano. Unaishika kwa kibano, unaishusha juu ya kijiti chembamba kuliko sindano, unadhani imekaa, unakandamiza, inalala ubavu. Nilizima feni, nikafunga dirisha, nikawa nabana pumzi kila nikikaribia. Ilipokaa nilisikia kidogo tu kwenye ncha ya kidole, kama kitu kimekubali. Akrabu zenyewe ni nzuri: kingo safi, rangi ya kung'aa gizani imejaa sawasawa. Uso nao ni mzuri, ila kabla hujalipa angalia vijiguu vyake vya nyuma, vile vinavyoingia kwenye mashine. Nyuso nyingi zinazouzwa zimetengenezewa bodi ambazo kifundo cha kutia majira kiko usawa wa namba nne ya uso, na changu kiko namba tatu.

Sasa bodi. Mgongoni imeandikwa mita 200. Niliifunga, nikaitia kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi nikaiweka juani. Baada ya nusu saa ukungu ukaonekana ndani ya kioo, upande wa kifundo. Maji ya ndoo tu, hata mita moja hayafiki! Nilisikitika sana, kwa sababu kuna mtu atakayenunua bodi kama hii, asome yale maandishi, aruke nayo majini. Saa ya kuzamia iliyofuata kanuni za kimataifa za ISO 6425 hupimwa moja moja, kwa shinikizo linalozidi lile lililoandikwa kwa robo. Hii yangu nani aliipima? Muuzaji alinijibu kwa adabu na kunitumia oringi nyengine, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, nyembamba vilevile.

Nikaenda kwa fundi saa, mtu mzima, nikamwamkia nikamwekea saa mezani. Aliivua oringi ya kifundo, akaiminya kwa kucha, akanitazama.

"Mwanangu, hii imekufa kabla haijazaliwa. Unazama na hii?"

"Bado, mzee. Ndiyo nimekuja kwako."

Akatafuta oringi nene kidogo kwenye vikopo vyake, akazipaka zote mafuta ya silikoni, ya mgongo na ya kifundo, akapunguza na mwendo wa mashine. Halafu akaitia kwenye kipimo chake cha shinikizo. Aliponionyesha kwamba hakuna kiputo hata kimoja kinachotoka, ndipo nilipoiamini.

Tangu hapo imeshuka hadi mita 28 bila ukungu. Inakimbia sekunde tano kwa siku. Pete inazunguka upande mmoja tu, kinyume cha akrabu, hivyo ikigongwa na mtungi itakuonyesha umekaa chini zaidi ya ulivyokaa, kamwe si pungufu. Mibofyo yake imekaza, hata kwa glavu inashikika. Kwenye kituo cha usalama, mita tano, pale mzamiaji anapongoja kabla ya kupanda juu, naitazama dakika zangu tatu, na uso ule wa kijivu ndani ya maji unageuka kama fedha.

Mashine, uso na akrabu ningenunua tena kesho. Bodi ningenunua tu pamoja na fedha ya oringi mpya na ya kipimo cha fundi. Mwezi ujao naifungua, nibadilishe oringi ya mgongo kabla msimu haujaanza.