Fundi pancha wa chini ya mwarobaini, Sinza: 18,000 badala ya laki mbili na themanini

Nianze na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta. Nimelipa 18,000. Kiraka cha ndani 5,000, valvu mpya 3,000, kusafisha rimu 10,000. Nilikokwenda kabla yake niliambiwa laki mbili na themanini: tairi mbili mpya, kufunga na balansi humo humo. Hiyo tofauti imetoka wapi? Imetokana na mzee mmoja kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa dakika kumi nzima akiangalia maji.

Mimi ni mtu wa keki. Naoka nyumbani, napeleka mwenyewe kwa Vitz, na keki ya ghorofa tatu haipendi gari lililoinama. Tairi la nyuma kushoto lilianza kupunguza upepo kidogo kidogo. Si ile pancha ya kupasuka "paa!", ukasogea pembeni ukafungua buti. Hii ni ya kimyakimya. Asubuhi unatoka unakuta gari limeegemea upande kama mtu mwenye mguu unaouma, unajiambia labda ni pale nilipoegesha pameinama. Unapita sheli, unajaza upepo, unatoa 500, unaondoka. Baada ya siku tatu, yale yale.

Kijana mmoja wa upepo alizungusha tairi akaona kichwa cha skrubu ya bati kimezama kwenye mpira. "Huyu hapa mchawi wako, dada." Akaing'oa kwa koleo, akasokomeza kile chuma chenye meno kama tupa, akaingiza kamba yenye gundi, akakata mkia, 5,000, dakika nne hazijaisha. Nikafurahi. Skrubu nikaitupia kwenye kitrei cha sarafu, sijui kwa nini, labda kama kombe la ushindi.

Siku tatu baadaye gari limeegemea tena.

Hapo ndipo nikaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, nikanunua kipimo cha upepo, 15,000, nikaanza kuandika kwenye daftari la oda. Kwenye Vitz yangu, ukifungua mlango wa dereva, kuna kibandiko kutoka Japani kimeandikwa 230 kPa, ambayo kwenye kipimo ni kama 33 za PSI. Nikajaza 33 tairi zote. Jumatatu asubuhi kabla sijawasha gari, 33. Jumatano, 28. Ijumaa, 22. Zile tatu nyingine zimekaa pale pale. Mnaopima, pimeni asubuhi tairi likiwa baridi. Ukipima umetoka Mbezi saa nane mchana kwenye lami inayochemka, namba inapanda yenyewe na unaweza kudhani uko salama.

Jumamosi yake nilikuwa na keki ya kicheni pati Tabata. Kwa haraka za asubuhi sikupima. Nimetoka Shekilango vizuri, nimezunguka daraja la Ubungo, naingia Mandela naona nyuma kunalegalega, kama nimebeba mtu mlevi anayeyumba kila nikikata kona. Nilisimama kabla ya kufika kituo cha External. Tairi limelala. Kaka wa bodaboda alinisaidia kufunga spea, ambayo nayo ilikuwa laini kwa sababu mara ya mwisho kuiangalia sikumbuki ni lini. Keki ilifika. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa muungwana, lakini ghorofa ya juu ilikuwa imeinamisha shingo, na shangazi yake alinikata 30,000 palepale mbele za watu.

Jumatatu nikaenda duka la tairi, silitaji, lile la namna ya kiyoyozi, kahawa na runinga ukutani. Kijana mwenye fulana safi aliliangalia tairi likiwa limelala chini, hakulitia upepo, hakuligusa maji. "Mama, hili limezeeka, linavuja mwili mzima. Na huwezi kubadilisha moja, tunabadilisha pea." Nikauliza linavuja wapi. Akasema tairi zikizeeka zinavuja tu. Nikamwambia nitarudi.

Aliyenielekeza kwa mzee ni dereva wa bajaji wa mtaani kwetu. Yuko barabara ya ndani Sinza, si mbali na Madukani. Hakuna bango. Kuna tairi kuukuu limepakwa chokaa, limesimamishwa, limeandikwa PANCHA, na mwarobaini mkubwa ambao kivuli chake saa nne asubuhi kiko upande wa wateja na saa nane kimehamia kwa jirani muuza mkaa. Vifaa: kompresa yenye kelele za kutisha, jeki ya trola, pipa lililopasuliwa katikati kwa urefu likajazwa maji, makopo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Linakwisha baada ya siku ngapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, na hakuna mwingine aliyeniuliza. Nikamtolea daftari. Akasoma 33, 28, 22, akatikisa kichwa taratibu. Akasema upepo kutoka polepole hivyo na kwa mpangilio hivyo unaweza kuwa msumari, lakini unaweza kuwa kitu kingine kabisa. Tutaona.

Alianza na valvu. Kabla hata ya kupandisha jeki alijaza upepo, akafungua kifuniko, akalamba kidole, akapaka mate kwenye mdomo wa valvu na kuinamisha uso karibu kabisa. Kibofu kidogo kikavimba, kikapasuka. Kikavimba kingine. "Hapa pana kitu, lakini si mwizi mkubwa." Kile kisindano cha ndani kilikuwa kimechoka, na shina lenyewe la mpira, ukilipinda kwa kidole gumba, lina nyufa pale linapoingia kwenye rimu.

Akavua gurudumu, akalizamisha kwenye pipa, akaligeuza robo kwa robo. Kwenye ile kamba ya kijana wa sheli hakukuwa na kitu. Kwenye mpira wote hakuna kitu. Mimi nikaanza kufikiria laki mbili na themanini. Yeye akalitoa, akalilaza kifudifudi, akamimina maji ya sabuni ya unga kwenye ule mfereji mwembamba ambapo tairi linakutana na rimu, akakaa kwenye ndoo yake na kunyamaza.

Nasema alinyamaza. Kulikuwa na watu wawili wanasubiri, mmoja anapiga honi. Mzee anaangalia maji. Mimi naangalia mzee. Kama dakika ya sita hivi, upande wa ndani, ule ambao ukisimama nje ya gari huuoni, pakatokea povu dogo jeupe, laini kama la mdomoni mwa mtoto anayeota meno. Halikupasuka. Likazidi kuongezeka pole pole kwa urefu wa kiganja.

"Umemwona?"

Kabla ya kufungua alichora alama mbili za chaki, moja kwenye rimu na moja kwenye tairi, zikitazamana. Nikamuuliza za nini. Kumbe ni ili tairi lirudi pale pale lilipokuwa, balansi isipotee, maana kile kipande kidogo cha madini ya risasi kilichobanwa kwenye rimu kimewekwa kwa hesabu ya mkao huo. Nimefunguliwa tairi mara nyingi maishani, sijawahi kuona mtu akichora chaki.

Baada ya kutoa tairi kwa vyuma vyake viwili bapa, alinionyesha rimu. Zangu ni zile za sport, za aluminiamu. Pale midomo ya tairi inapokalia, rangi ilikuwa imeinuka kama ngozi iliyoungua jua, na chini yake unga mweupe kama chumvi ya mezani. Hiyo ndiyo kutu ya aluminiamu. Tairi lisilo na tyubu halina kingine cha kuzuia upepo pale pembeni zaidi ya mpira kubana kwenye chuma laini. Chuma kikishakuwa na vipele, upepo unapata njia. Gari limetoka Japani, ambako wakati wa theluji barabara zinamwagiwa chumvi, kisha likaja kuishi na upepo wa bahari wa kwetu. Ningenunua tairi mpya mbili, zingekaa juu ya rimu hiyo hiyo, na baada ya wiki ningerudi kwenye daftari.

Akapiga brashi ya waya, akafuata na msasa mkavu, mpaka alipopitisha kidole duara zima bila kukwama. Akanipa na mimi nipitishe. Akapaka solusheni kidogo sana, kama unavyopaka siagi bati la keki (mfano wangu, si wake).

Tukiwa hapo nikakumbuka skrubu. Nikaileta. Akaiweka juu ya tairi, pembeni ya kashata moja ya mpira (yale matofali ya uso wa tairi yanayokanyaga barabara), ikawa fupi kuliko kina cha kashata yenyewe. Akacheka bila sauti. "Mwanangu, hii haikufika ndani. Imeishia kwenye nyama. Tundu amelitengeneza aliyekuja kuliziba." Yaani nililipa 5,000 kutobolewa tairi. Kamba ilikuwa inashika, lakini alikata kichwa chake ndani na kuweka kiraka juu yake, akasema kamba peke yake ni ya kukufikisha nyumbani.

Alimulika ndani ya tairi kwa simu kutafuta unga mweusi wa mpira na mstari wa kuchubuka ukutani, ambazo ni dalili kwamba limetembea sana bila upepo. Hakukuwa na kitu, kwa sababu nilisimama mapema siku ile. Angeukuta, alisema, angelipasua palepale nisije nikamdai tena. Akanisomea pia namba nne ndani ya kiduara pembeni ya tairi: 3422, wiki ya 34 ya mwaka 2022. Lile lililoambiwa limezeeka.

Kurudisha: kompresa ikanguruma, tairi likavimba, paa! upande mmoja, paa! upande wa pili, midomo ikakaa. Nati akafunga kwa kurukaruka, huku kisha ng'ambo, si kwa mzunguko.

Sasa lawama, maana sikuja kumsifu tu. Nilikaa pale masaa mawili na robo. Hakuna kiti zaidi ya tairi la lori, na ukienda mchana utakaa juani. Hatoi risiti, na lipa namba yake siku hiyo ilikuwa "inasumbua" kwa hiyo nikatembea mpaka kwa wakala kutoa taslimu na kulipa makato. Kipimo chake cha upepo kinadanganya: chake kilisoma 33, changu 30. Nilimwambia, akakipiga kofi mara mbili, akakisoma tena, akasema tufuate chako. Mashine ya balansi hana, na alisema wazi kuwa usukani au kiti kikitetemeka kuanzia spidi ya 80 niende kwa wenye mashine. Hakijatetemeka. Ijumaa anafunga kuanzia saa sita kwenda kuswali, na kurudi ni saa nane, wakati mwingine tisa. Na kama una haraka ya kweli, yaani pancha ya msumari ya kawaida, nenda kwa yeyote aliye karibu nawe.

Leo ni wiki ya sita. Daftari linasema 33, 33, 32, 32, 32, 31. Hiyo moja moja ni ya kawaida, tairi zote hupoteza kidogo zenyewe kwa mwezi. Wiki ijayo nampelekea rimu zilizobaki, kwa sababu ya nyuma kulia nayo nimeipitisha kidole kwa nje na rangi imeanza kuinuka.

Ana kopo la maziwa ya unga lililojaa misumari, skrubu, vipande vya spoku, mpaka jino la uma wa kulia chakula, vyote alivyovitoa kwenye tairi za watu. Nikaitupia na skrubu yangu humo. Akaichokonoa kwa kidole, akanirudishia.

"Hii chukua mwenyewe. Humu wanakaa waliotoboa."