Zawadi za Krismasi kutoka Manchester hadi Kakamega: boksi la mizigo au pesa kwa simu?

Tangu nilipohamia Uingereza kufanya kazi ya uuguzi, nimekuwa nikituma zawadi za Krismasi nyumbani kwa njia mbili. Ya kwanza ni boksi ninalomkabidhi wakala anayekusanya mizigo ya Wakenya na kuisafirisha hadi Nairobi; ya pili ni pesa ninazotuma kwenye simu ya dada yangu ili zawadi zinunuliwe huko huko Kakamega. Nimezitumia zote mbili kiasi cha kuzipima, na kwa mtu ambaye jamaa zake wako Magharibi mwa Kenya naipendekeza ya pili bila kusita, mradi anayetuma achague zawadi mwenyewe na pesa zilipwe dukani moja kwa moja.

Nianze na boksi. Bei inayotangazwa huwa ni ya kilo, na wengi hudhani kwamba mizani ndiyo itakayoamua. Mizigo ya ndege hupimwa pia kwa ukubwa wake: urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, kisha jumla hugawanywa kwa 5000 au 6000 kutegemea kampuni, na mteja hulipia uzito ulio mkubwa kati ya huo na ule wa mizani. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 40, likigawanywa kwa 5000, huhesabiwa kuwa kilo 16, hata kama ndani yake mna wanasesere na majaketi yasiyozidi kilo 7. Kwa hiyo zawadi za watoto, ambazo aghalabu ni nyepesi lakini hujaza nafasi, ndizo zinazogharimu zaidi. Meli ni nafuu kuliko ndege, ila kontena husubiri lijae, husafiri hadi Mombasa, hupitia forodha, ndipo mzigo uelekee Nairobi. Mtu anayetaka boksi lifike kabla ya Krismasi afadhali alikabidhi Septemba.

Hata baada ya hapo gharama huwa hazijaisha. Kuna ushuru wa forodha, kisha kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ambayo hutozwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru huo. Wakala niliyemtumia alinihakikishia kwamba bei yake ilijumuisha kila kitu, lakini mzigo ulipofika Nairobi dada yangu aliombwa pesa za ziada ambazo hazikuwa kwenye risiti yangu, na alipouliza ni za nini hakupata jibu la kueleweka. Jambo hilo lilinikera kuliko kuchelewa kwenyewe, kwa sababu zawadi haifai kumgeuza anayeipokea kuwa mdaiwa. Kutoka Nairobi hadi Kakamega boksi lilisafiri kwa basi la Easy Coach, na sehemu hiyo ya safari haikunipa wasiwasi wowote: dada alipigiwa simu, akaenda na kitambulisho, akakabidhiwa mzigo wake.

Wanaofikiria kutuma simu wakumbuke pia kwamba mamlaka za Kenya zilitangaza kuwa kuanzia Januari 1, 2025 nambari ya IMEI (nambari ya utambulisho ya kila simu) ya simu inayoingizwa nchini itangazwe kwa KRA, mamlaka ya mapato, ingawa Mahakama Kuu ilibatilisha agizo hilo mwaka 2025. Mimi nimeacha kabisa kutuma simu.

Njia ya pesa ina hesabu yake, na ni vyema kuielewa. Programu nyingi za kutuma pesa hujinadi kwamba hazitozi ada, au kwamba ada yake ni ndogo mno, lakini faida yao imo katika kiwango wanachobadilishia fedha. Ikiwa programu moja inatoa shilingi 4 pungufu kwa kila pauni, basi kwa pauni 200 familia imekosa shilingi 800, pesa ambazo zingeongeza unga wa ngano na mafuta ya kupikia kwa chapati za sikukuu. Kwa hiyo siangalii ada peke yake. Naangalia ni shilingi ngapi zitakazoingia kwenye simu baada ya makato yote, nalinganisha programu mbili au tatu siku hiyo hiyo, ndipo natuma. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ya wahamiaji kutuma pesa nyumbani ishuke chini ya asilimia 3, na kipimo hicho ndicho ninachotumia kuamua kama huduma inastahili pesa zangu.

Pesa zikishafika, tusizitoe kwa wakala wa M-Pesa, kwa sababu kuzitoa kuna ada. Dada hulipa dukani kwa Lipa na M-Pesa, ambako mnunuzi hakatwi chochote, nami hupata picha ya risiti. M-Pesa yenyewe imekuwapo nchini tangu 2007, na siku hizi hata mwenye duka la jumla na fundi wa nguo sokoni hulipwa kwa simu.

Wapo wanaosema kwamba pesa hazina upendo ulio ndani ya boksi. Nawaelewa, na ndiyo sababu situmi pesa nikasema tu, "Gawaneni." Huandika orodha yenye jina la kila mtu. Mama hushonewa gauni la kitenge kwa vipimo vyake vya sasa, si vile ninavyovikumbuka mimi. Nyanya hununuliwa blanketi zito na majani chai anayoyapenda. Watoto hupata viatu vyeusi vya ngozi na sweta za shule, kwa kuwa mwaka wa masomo huanza Januari na wazazi wao hubanwa mno wakati huo. Kila kitu hujaribiwa dukani, na kisichomtosha mtu hubadilishwa papo hapo, jambo lisilowezekana kwa boksi lililotoka Manchester.

Vitu ambavyo bado navituma kutoka huku ni vile visivyonunulika Kakamega: albamu ya picha zetu, kadi zilizochorwa na wanangu, kitabu kimoja au viwili. Kifurushi kidogo cha Royal Mail cha kwenda ng'ambo kinaruhusiwa kufika kilo 2, nami hukielekeza kwenye sanduku la posta la shule anakofundisha shemeji yangu. Hukituma mapema, wakati shule haijafungwa.

Fundi wa nguo naye alipwe malipo ya awali kufikia Novemba, maana Desemba mafundi huelemewa na kazi za sikukuu na wateja wapya hukataliwa.