Uzoefu wangu: wiki nane za kurekebisha makosa yangu ya upinde

Nilijiandikisha katika mafunzo haya ya kupiga upinde baada ya kujifundisha mwenyewe kwa karibu mwaka mmoja, nikafika na upinde wa ratili 38 (hiyo ni nguvu ya kuuvuta, si uzito wake) na mkono wa kushoto uliovilia damu upande wa ndani, jambo ambalo nilidhani ni la kawaida kwa kila anayejifunza. Mkufunzi aliutazama mkono ule, akaniambia kwamba upote, yaani kamba ya upinde, haupaswi kuugusa kabisa. Alinielekeza nikizungushe kiwiko mpaka sehemu yake ya ndani itazame pembeni badala ya juu, na tangu siku hiyo sijavilia tena.

Kisha akauweka kando upinde wangu, akanipa wa ratili 20. Nilivunjika moyo, nakiri, lakini sasa naona kwamba hapo ndipo mafunzo haya yalipostahili fedha yangu. Upinde mzito kupita kiasi humlazimisha anayeanza kuinua bega, kuegemea nyuma na kuvuta kwa nguvu za mkono peke yake, kwa sababu misuli ya mgongo, ambayo ndiyo yenye kazi hiyo, haijazoea. Kwa hiyo hata akielezwa makosa yake yote, hana uwezo wa kuyaacha. Kwa upinde mwepesi niliweza, kwa mara ya kwanza, kuuleta mkono unaovuta chini ya kidevu na kuutuliza mahali palepale kila mara.

Wiki tatu nzima tulipiga mishale kwenye marobota ya nyasi kavu, umbali wa mita nne hivi, bila shabaha yoyote. Kosa langu sugu lilikuwa kuubana mshikio wa upinde, na mtu akiubana huusokota kidogo bila kujua, mshale ukaenda kando. Mkufunzi alichukua kamba ya kiatu, akaifunga kutoka kidole gumba hadi kidole cha shahada kwa kuipitisha mbele ya upinde, akaniagiza niuache mkono wazi. Nilipoachia upote, upinde uliruka mbele na kamba ikaudaka. Vidole vyangu havikufanya lolote. Sikuhitaji maelezo zaidi ya hayo.

Ninalolalamikia ni kwamba jicho lenye nguvu, yaani lile linaloongoza katika kulenga, lilipimwa katika wiki ya tano. Kipimo chenyewe ni cha dakika moja: unanyoosha mikono, unatengeneza tundu dogo kwa viganja, unakitazama kitu cha mbali, kisha unafumba jicho moja baada ya jingine ili ujue ni lipi linalokiona bado. Mwenzangu mmoja aligundua kwamba jicho lake lenye nguvu ni la kushoto, akalazimika kuanza upya kwa upinde wa mkono wa kushoto. Jambo hilo lilipaswa kufanywa siku ya kwanza, kabla ya yeyote kukabidhiwa upinde.

Kwa mita 18, mishale yangu sasa hukusanyika pamoja kwenye shabaha ya sentimita 40. Kilichobaki ni kwamba nikichoka, baada ya mshale wa hamsini hivi, huinua kichwa ili niutazame mshale ukienda, mkono wa upinde ukashuka nao. Nimeagizwa nisisogee mpaka nisikie mshale umegonga, na hilo ndilo ninalolifanyia mazoezi mwezi huu.