Rosa Mistika na Utengano: ipi imeniumiza zaidi

Riwaya hizi tumezisoma kwa kupokezana mimi na dada yangu hapa Moshi, na hatujakubaliana. Mimi nimechomwa na Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Zakaria anamtwanga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles, barua tu! Rosa anakwenda masomoni akiwa anaogopa hata kuongea na mvulana. Pale nilifunga kitabu, nikaendelea kesho yake.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) nayo ina baba wa aina hiyo, Maksuudi, anayemfungia Maimuna ndani. Lugha yake ni tamu zaidi. Lakini Maimuna anatoroka na mwishowe anarudi nyumbani, Rosa anajiua. Dada anasema msichana wa leo apewe tumaini. Mimi ningempa msichana huyo Rosa Mistika kwanza, na baba yake naye asome.